Akiba Huoza

Wahenga wetu walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii hufundishwa watoto tangu wajuapo kusoma, hurudiwa katika mikutano ya vyama vya ushirika, na ni nadra kumsikia mtu akiitilia shaka. Mimi naipinga. Akiba huoza. Huoza kama mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka, na aghalabu mwenyewe hana habari mpaka siku afunguapo mlango kwa haja.

Mwaka 1993 bei za vitu katika Kenya zilipanda kwa wastani wa asilimia 46 hivi. Aliyeanza mwaka ule na shilingi elfu moja chini ya godoro aliumaliza na noti zile zile, safi na kamili, lakini alipozipeleka dukani alipata mali ambayo mwaka uliotangulia ingalinunuliwa kwa shilingi mia saba hivi. Hakuibiwa na mtu, wala hakutumia hata senti. Akiba yake ilioza. Tena tarehe 1 Oktoba 2019 noti za zamani za shilingi elfu moja zilikoma kuwa fedha halali. Benki Kuu ilitangaza baadaye kwamba noti zaidi ya milioni 7 hazikurudishwa, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 ziligeuka karatasi. Bila shaka baadhi yake zilikuwa za wezi walioogopa kuulizwa walikozipata. Nyingine, yamkini, zilikuwa za wazee walioziweka katika mikebe na kusahau, au kufa bila kusema.

Waliotunga methali ile hawakuwa wajinga. Walisema na mtu mharibifu, alaye leo na kesho pamoja, na kwa mtu huyo maneno yao ni kweli tupu. Kosa ni letu sisi tuliofanya shauri la kuweka akiba kuwa ndilo shauri lote, tukasahau kuuliza iwekwe wapi. Maana kila ghala ina mdudu wake. Fedha taslimu huliwa na kupanda kwa bei. Hisa huliwa na kufilisika kwa kampuni: Mumias Sugar, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2001 kwa shangwe nyingi, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Fedha za benki huliwa na wenye benki wenyewe wakiwa si waaminifu. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015 na Chase Bank ikaufuata mkondo huo Aprili 2016, wakati ambapo bima ya amana ilimlinda mwenye akaunti kwa shilingi 100,000 tu. Kiasi hicho kilipandishwa kuwa 500,000 mwaka 2020, nacho si kidogo kwa mtu wa kawaida, lakini walioumia walikuwa wamekwisha kuumia. Mifugo huliwa na ukame. Na ardhi, nitasema punde, ina mchwa wake.

Basi ikiwa hapana ghala isiyo na mdudu, na mdudu wa ghala hii siye wa ghala ile, mwenye busara hugawa mavuno yake katika ghala kadha. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ni hoja nyepesi kiasi cha kumfanya msomaji ashangae kwamba inahitaji kutetewa. Inahitaji sana, kwa kuwa watu wengi huikubali kwa kinywa na kuikana kwa vitendo.

Ubishi wangu mkubwa ni na wapenda ardhi. Katika Kenya, mtu apatapo shilingi ya ziada huulizwa swali moja: umenunua kiwanja wapi? Mwalimu alipwapo malimbikizo ya mshahara, mkulima apatapo bonasi ya majani chai, kijana arudipo kutoka kazi za Ghuba, wote huelekezwa njia hiyo hiyo. Asiyeifuata hudhaniwa kuwa mlevi au mpumbavu. Sababu za mapenzi haya si za kudharauliwa. Watu wa nchi hii walinyang'anywa ardhi na walowezi, wakafungwa na kufa kwa kuidai, na kitu kilichogharimu damu hakipimwi kwa mizani ya duka. Ni kweli vilevile kwamba wako walionunua viwanja kando ya njia ya Thika kabla ya barabara ile kuu kukamilishwa mwaka 2012, wakatajirika wakiwa wamelala.

Walakini heshima ni jambo moja na akiba ni jambo jingine. Akiba huwekwa kwa ajili ya siku ya haja, nayo haja haina subira. Hospitali hudai leo. Karo hudaiwa mwanzo wa muhula. Mwenye kiwanja hawezi kukata pembe ya kiwanja chake itoshayo karo ya muhula mmoja akabaki na sehemu iliyosalia. Yampasa auze chote au akae nacho chote. Tena kuuza si kazi ya siku moja. Ikiwa ni shamba, sheria hudai kibali cha bodi ya ardhi. Ikiwa ni mali ya ndoa, mume au mke sharti aridhie. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani katika mji na asilimia 2 mashambani, na hapana mnunuzi asiyeuhesabu ushuru huo anapotaja bei. Muuzaji naye hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15. Weka juu yake malipo ya wakili, ya mpima ardhi na ya dalali. Wanunuzi nao wana pua kali kama ya fisi, huinusa shida ya muuzaji kwa mbali, na amwonaye mtu ana mgonjwa hospitalini humpa nusu ya bei.

Ndiyo maana huonekana katika nchi hii ajabu ambayo tumeizoea hata haitushangazi tena: mtu mwenye ekari ishirini anapitishiwa kofia ya mchango ili apate kutibiwa. Jirani asiye na hata shubiri ya ardhi hutia mkono mfukoni amsaidie tajiri huyu. Je, huyo ana akiba? Ana mali, naam. Akiba hana.

Wapenda ardhi husema pia kwamba ardhi haikimbii. Ni kweli, haikimbii. Ikimbiayo ni haki ya mwenyewe juu yake. Mwezi wa Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa sababu serikali ilidai kuwa zilijengwa katika ardhi ya uwanja wa ndege, ingawa wenyewe walikuwa na karatasi mikononi. Oktoba 2023 matingatinga yalirudi kazini huko Mavoko, katika ardhi iliyotolewa hukumu kuwa ni ya kampuni ya saruji. Waliovunjiwa hawakuwa wavivu wala walevi. Walikuwa watu waliotii ushauri wa taifa zima, wakakusanya kila senti waliyoipata kwa miaka mingi na kuitia mahali pamoja. Laiti theluthi moja tu ya jasho lao ingalikuwa katika ghala nyingine, wangaliamka siku ya pili na mahali pa kuanzia.

Wala hoja hii si yangu peke yangu. Kanuni za Kenya zinazosimamia mifuko ya uzeeni haziruhusu mfuko kuweka zaidi ya asilimia 30 ya mali yake katika ardhi na majengo. Wataalamu wenye mawakili na wapima ardhi, wenye mabilioni ya kuchezea, hukatazwa kisheria kufanya lile ambalo mwalimu wa shule ya msingi hushauriwa na shangazi zake wote alifanye.

Sisemi watu wasinunue ardhi. Mwenye kutaka kujenga na akae, anunue. Mwenye kutaka kulima na alime, anunue kwa furaha. Nasema kwamba kiwanja cha tano, kilicholala nyasi katika barabara ile ile ya viwanja vinne vya kwanza, si busara ya kizee. Ni uzembe wa kufikiri uliovaa kanzu ya busara.

Wapinzani wangu wana methali nyingine katika podo lao: mshika mbili moja humponyoka. Nimeisikia ikirushwa mara nyingi kumnyamazisha kijana atakaye kugawa akiba yake. Ni mshale mzuri uliolengwa shabaha isiyo yake. Methali ile husema juu ya kazi ya mikono na ya akili: mtu hawezi kuwa seremala na mvuvi kwa saa ile ile. Lakini akiba haishikwi kwa mikono miwili tu. Aliyenunua hati fungani za serikali na hisa za kampuni tatu haimpasi kuamka alfajiri kwenda kuzipalilia. Hulala, na watu wengine ndio wafanyao kazi.

Tena ni vibaya kudhani kuwa ugawaji wa mali ni elimu ya Wazungu iliyokuja na vitabu. Wafugaji wa Pokot wana desturi iitwayo tilia, ambayo kwayo mtu humpa mwenzake wa mbali ng'ombe jike na kubaki na haki katika uzao wake. Ng'ombe wake huwa katika mazizi mengi, katika mabonde yanyeshewayo mvua kwa nyakati mbalimbali. Tauni ikiingia katika zizi moja, au wezi wa mifugo wakija usiku, hawezi kuamka maskini kabisa. Wafugaji wa kaskazini huchanganya ngamia, mbuzi na ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo, kwani ngamia hula majani ya miti ambapo ng'ombe amekwisha kufa kwa kukosa nyasi. Mkulima naye aliyepanda mihogo pembeni mwa mahindi hakufanya hivyo kwa kupenda mihogo. Wazee hawa hawakuwa na neno la kitaalamu la jambo hilo. Walikuwa na jambo lenyewe.

Lililoongezwa na wataalamu ni hesabu. Mwaka 1952 kijana mmoja wa Chicago, Harry Markowitz, aliandika makala fupi katika jarida la elimu ya fedha, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Alionyesha kwamba hatari ya mali ya mtu haijulikani kwa kutazama kitu kimoja kimoja. Yapasa kutazama jinsi vitu vyenyewe viendavyo pamoja. Vitu viwili vyenye kupanda na kushuka sana, ikiwa kimoja hupanda pale kingine kishukapo, huweza kufanya mali iliyotulia. Na vitu kumi vyenye sura ya utulivu, ikiwa vyote huanguka siku moja, ni sawa na kitu kimoja.

Hapa ndipo wengi wajigambao kuwa wamegawa akiba yao hukosea. Yuko mtu akaaye katika wilaya ya chai. Mshahara wake hutoka katika kiwanda cha chai. Amenunua shamba la chai, ana hisa katika kampuni ya chai, na fedha zake nyingine amewakopesha wachumao chai. Kwa hesabu ya vidole ana ghala nne. Bei ya chai ikianguka katika mnada wa Mombasa atajua kwamba alikuwa na moja. Wafanyakazi wa Enron huko Marekani walijifunza somo hili kwa machozi. Sehemu kubwa ya akiba yao ya uzeeni ilikuwa katika hisa za kampuni yao wenyewe. Hisa iliyouzwa dola 90 hivi mwaka 2000 ilikuwa haifikii dola moja kampuni ilipoanguka Desemba 2001. Walipoteza kazi na akiba kwa pigo moja. Mshahara ni mali pia, tena kwa kijana ndio mali kubwa kuliko zote, na asiyeuhesabu katika mgawo wake hajagawa kitu.

Watu wa hisa nao wasicheke, kana kwamba ninawapiga wapenda ardhi peke yao. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwako zaidi ya mara nne. Watu waliuza ng'ombe na kukopa benki ili waombe. Kisha mwombaji akapewa sehemu ndogo ya alichoomba, na riba ya mkopo ikamla kwa mkopo mzima. Mapema mwaka 2009 hisa ile ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Wenye madeni waliuza kwa hasara. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Kampuni yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa miongoni mwa kampuni bora katika nchi. Ubaya ulikuwa kwa mtu aliyeweka ndani yake fedha ya karo ya Januari.

Kwa hiyo mgawo wa akiba hauanzi kwa kuuliza kitu gani kitapanda, swali ambalo hata malaika hawaulizwi. Huanza kwa kuuliza fedha hii itahitajiwa lini. Itakiwayo kwa dharura, yaani gharama za nyumba za miezi mitatu hadi sita, ikae mahali inapochukulika kwa siku moja au mbili, hata kama faida yake ni ndogo. Hiyo isiguswe kwa tamaa yoyote. Itakiwayo baada ya miaka miwili au mitano ifaa hati fungani za serikali, ambazo riba na siku ya kurudishwa mtaji hujulikana tangu mwanzo. Isiyotakiwa kwa miaka kumi au zaidi ndiyo iwezayo kustahimili misukosuko ya hisa na uzito wa ardhi, kwa kuwa mwenyewe halazimiki kuuza katika mwaka mbaya. Kijana wa miaka ishirini ana miaka mingi ya kungoja. Mzee wa sitini hana. Ni wazi basi kwamba mgawo wa mtu na baba yake hauwi mmoja, na kijana anayeiga mgawo wa baba huwa mwoga bila sababu, kama vile baba anayeiga wa kijana huwa jasiri bila sababu.

Kisha lipo jambo ambalo wengi hawalifanyi kwa kuwa linakwenda kinyume cha moyo. Tuseme mtu ana shilingi 100,000, nusu katika hisa na nusu katika hati fungani. Mwaka wa kwanza ni mbaya: hisa zashuka kwa asilimia 30 na kuwa 35,000, hati fungani zazaa asilimia 10 na kuwa 55,000. Jumla ni 90,000. Moyo humwambia azikimbie hisa. Mgawo humwambia arudishe nusu kwa nusu: atoe 10,000 katika hati fungani anunue hisa, zote mbili ziwe 45,000. Mwaka wa pili hisa zarudi katika bei yake ya kwanza, na hati fungani zazaa asilimia 10 tena. Hisa zake sasa ni 64,286 hivi, hati fungani 49,500, jumla 113,786. Kama angalikaa kimya bila kusawazisha, angalikuwa na 110,500. Na kama angaliufuata moyo wake, akauza hisa zote mwisho wa mwaka ule mbaya na kuzitia zote katika hati fungani, angalikuwa na 99,000, asirudi hata pale alipoanzia. Soko ni lile lile na mtaji ni ule ule. Sikatai kwamba hisa huenda zisirudi, kama zile za Mumias. Ndiyo sababu husawazishwa hisa za kampuni nyingi pamoja, na si za kampuni moja.

Markowitz mwenyewe alipoulizwa jinsi alivyoigawa akiba yake ya uzeeni alipokuwa kijana, alieleza kwamba hakutumia hesabu zake. Aliigawa nusu kwa nusu, kwa hofu ya majuto: soko likipanda asijutie kuwa nje, na likianguka asijutie kuwa ndani mzima. Wako wamchekao kwa hilo. Mimi naona ni jambo bora alilolieleza, maana akiba hulindwa na mtu mwenye moyo, na mgawo usioweza kuvumiliwa usiku wa manane haufai hata ukiwa sahihi kwenye karatasi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito, nalo husemwa na watu wenye haki ya kulisema: asiye na kitu agawe nini? Elimu hii, husema, ni ya matajiri. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Hati fungani za Hazina kwa kawaida huanzia shilingi 50,000, na fedha hiyo kwa kibarua ni ndoto. Lakini mwaka 2017 serikali iliuza kwa njia ya simu hati fungani iliyoitwa M-Akiba, ambayo mtu aliweza kuinunua kuanzia shilingi 3,000. Na iko leo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ipokeayo hata chini ya shilingi elfu moja, kisha ikakusanya vidogo vya wengi na kuvigawa katika hati nyingi. Maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mgawo. Tajiri akipoteza ghala moja hupunguza anasa. Maskini akipoteza ghala yake moja, binti yake huacha shule.

Huko katika chama cha mama yako, msomaji, kuna mkutano Jumapili ijayo, na yamkini katika ajenda kuna kiwanja cha sita. Utakapoombwa uandike kumbukumbu, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye mwandiko mzuri, muulize mweka hazina kwa adabu: katika kila shilingi mia za chama, ni ngapi ziko katika ardhi? Ngapi zaweza kupatikana kabla ya Ijumaa, kama mwanachama mmoja akilazwa leo usiku? Na viwanja vile vitano viko katika barabara ngapi? Majibu yake yaandike katika kumbukumbu kama yalivyo, na tarehe yake.